Fundi Mbarouk na gunia lililovaa shati

Nimeusoma ujumbe mara tatu na bado naona kama wamekosea jina. Fundi Mbarouk wa Kikwajuni katutoka leo asubuhi. Inna lillahi wa inna ilayhi rajiun.

Wengi mnamjua uzeeni, barazani kwake. Mie nnamjua tangu miaka ya hamsini, alipokuwa akiwafundisha vijana kutengeneza malori ya jeshi kabla hawajapelekwa bara. Mume wangu Salum alikuwa mmoja wao. Nilikuwa na mtoto mchanga, na roho yangu haitulii.

Siku moja Salum karudi mapema, kasimama mlangoni. "Fundi kanituma nikwambie nshakufa."

Nikavaa buibui, moja kwa moja hadi karakana. "Fundi, mbona wamchuria mume wangu kifo?"

Kanionesha fremu nzito ya lori imelalia gunia la mchanga. Gunia limevishwa shati. Limepasuka.

"Jeki kaiweka Salum mwenyewe, Bi Asha. Huyo chini ndiye yeye."

Nikakaa pale pale sakafuni.

Wakubwa wa jeshi walikuwa wameletewa kwa meli gari la mbao la kufundishia, limepakwa rangi, linang'ara kama kabati la harusi. Ofisa wao mmoja akalitaka hilo litumike. Gunia akaliona uchafu, litupwe.

Fundi akamwambia: "Bwana, hili la mbao ukikosea linanyamaza."

"Ukibisha tena, kazi huna."

"Basi weka jeki wewe, bwana. Popote utakapo."

Ofisa akaiweka kwenye gari la mbao. Kimya. Akaiweka vile vile kwenye fremu. Loo! Fremu ikaliangukia gunia, mchanga ukamjaa mpaka ndani ya viatu.

Salum alinihadithia hakuna aliyethubutu kucheka. Fundi tu ndiye aliyesema, "Pole, marehemu."

Gunia likabaki.

Magunia yaliyopasuka nikiyashona mie. Mwanzo yalikuja mengi, kisha machache. Wiki ambayo halikuja hata moja, ndipo nikapata usingizi.

Salum alikwenda bara akarudi. Kafa mwaka juzi, mzee, kitandani kwake, mikono yote miwili juu ya shuka.

Fundi, nilikugombeza mbele ya wanafunzi wako na sikukuomba radhi. Miaka yote hiyo nikipita barazani kwako, naona haya. Nisamehe.

Lala, ndugu yangu. Mola akupanulie kaburi lako, kisikulemee kitu.