Turbo ya Baba na Sikio la Bibi

Sogea karibu, rafiki yangu, hasa wewe unayewaza kuifungia turbo Landrova yako ya zamani. Wiki iliyopita nilikuwa Nyamongo nikasikia moja ikipita mbele ya maduka bila sailensa, turbo ikipiga mluzi. Vijana wa bodaboda walishangilia. Mimi niliweka kikombe cha chai chini. Papo hapo, kwa mawazo, nilikuwa nimerudi kijijini kwetu Busawe, nina miaka tisa, kichwa cha bibi kipo mapajani mwangu.

Baba alikuwa na Landrova ya dizeli iliyonizidi umri. Siku za mnada ilibeba watu, kuku na magunia ya wimbi hadi Mugumu. Bibi, mama yake baba, alikaa mbele. Njiani kulikuwa na kilima kirefu, na kila tulipofika katikati yake injini ilianza kugonga: ta, ta, ta, kama meno ya mtu mwenye homa. Bibi alisikia kabla ya wote. Alikuwa amelima na ng'ombe wa plau maisha yake yote, na alijua pumzi ya mnyama aliyechoka.

"Linagonga," alisema. "Mpumzishe. Ng'ombe mzee hapewi fimbo, hupewa majani."

Baba aliegesha. Tulikaa kwenye nyasi tukila viazi vitamu vya kuchemsha, harufu ya dizeli ikiwa mikononi, hadi injini ipoe na rejeta iongezwe maji ya dumu. Nilidhani safari zote duniani zina kituo cha viazi.

Siku moja jirani yetu alitukuta pale akiwa na ng'ombe wake. "Mura," alimwita baba, kama Wakurya wanavyomwita kijana, "hawa wangu wanalipita gari lako, tena wakivuta plau!" Abiria walicheka. Baba hakucheka.

Mwezi huo alikwenda Tarime kwa fundi mmoja mwenye asili ya pwani, mtu mpole wa kofia ya kushonwa kwa mkono. Niliwasikia wakibishana.

"Turbo nitaifunga, mzee wangu. Lakini rejeta imeziba na ringi za pistoni zimekwisha. Tuanze na hizo."

"Rejeta nani ataisikia?" baba akajibu. "Funga turbo. Na hiyo sailensa itoe, watu wajue nakuja."

Je, nguvu iliongezeka? Sikudanganyi, iliongezeka. Turbo husukuma hewa nyingi ndani ya injini. Ukiongeza na dizeli, moto unakuwa mkubwa zaidi. Kilima tulichopanda kwa gea ya pili, sasa tulikipanda kwa ya tatu. Jirani alivua kofia tulipompita. Lakini moto mkubwa huleta joto kubwa, na joto hilo liliitegemea rejeta ileile iliyoziba. Na ile kelele ilitunyang'anya kitu ambacho hatukujua tunacho: hakuna aliyeweza tena kusikia injini ikigonga. Viazi navyo vikaisha, maana hatukusimama tena kilimani.

Bibi aliumwa na nyoka akivuna wimbi, asubuhi, jua likiwa bado dogo. Baba na jirani walimlaza nyuma ya gari, kwenye sakafu ya bati, nami nikakishika kichwa chake. Dawa ya sumu ya nyoka ilikuwa hospitali, Mugumu. Baba alikanyaga mafuta tangu nyumbani. Kilimani, bibi aliyekuwa amefumba macho aliuvuta mkono wangu. Mgongo wake ulikuwa kwenye bati. Alihisi kilichofichwa na kelele. Ulimi wake ulishakuwa mzito, lakini nilimwelewa.

"Linagonga."

Nilipaza sauti: "Baba, bibi anasema linagonga!"

"Mwambie tunawahi!"

Mvuke ulitoka mbele, mweupe, kisha injini ikazima. Baba alichomoa kijiti cha kupimia oili: ilikuwa ya rangi ya chai ya maziwa. Gasketi ya silinda hedi ilikuwa imekatika, maji yakaingia kwenye oili. Jirani, aliyekuwa amepanda nasi, alikimbia kutafuta gari jingine. Tulimteremsha bibi kwenye nyasi zetu za viazi, na hapo ndipo alipokata roho, gari jingine likiwa halijafika.

Baba hakuendesha tena. Miaka mingi, katikati ya mazungumzo mengine, aliweza kusema tu, "Dakika kumi." Ndio muda tuliokuwa tukipumzika pale kwenye viazi.

Siku hizi wagonjwa wanapanda bodaboda, na hakuna anayesimama pale kilimani. Bodi la ile Landrova limekuwa banda la kuku.

Sikuzuii, rafiki yangu. Turbo ni kitu kizuri kwenye injini nzima. Ila kabla hujanunua, mwambie fundi apime kompresheni na azibue rejeta. Sailensa usiitoe. Kisha zima redio, shusha kioo, upande kilima ukiwa na mzigo. Ukisikia linagonga, simama.