Maharagwe Nyuma ya Goli

Miaka ile ya mwisho ya Wabelgiji nilikuwa Bukavu bila kazi inayoeleweka. Shule ya mapadri niliiacha mwaka wa tatu, nikaenda Shabunda kuona dhahabu inavyochimbwa, nikarudi, nikabeba mbao, na mwishowe nikapewa kazi ya kuchora mistari ya chokaa kwenye uwanja wa kambi ya wafanyakazi wa kampuni moja, kule Kadutu. Nilikuwa na ndoo, brashi, na ruhusa ya kukaa nyuma ya goli wakati wa mechi. Kwa mtu anayependa kujua mambo, ruhusa hiyo ilikuwa tamu kuliko mshahara.

Kipa wetu alitoka upande wa Shabunda. Kampuni ilimwajiri kwenye depo, yaani ghala lake, kwa sababu ya mikono yake ya kudaka, na kazi hiyo ndiyo iliyompa nyumba ya vyumba viwili kambini, alimoishi na mke wake na mtoto mchanga. Hakuna aliyeandika sheria hiyo, lakini kila mtu aliijua: ukitoka kwenye timu unatoka kwenye depo, na ukitoka kwenye depo unaacha funguo za nyumba.

Ugomvi ulikuwa juu ya anavyotoa mpira tunapofungwa. Tukiwa nyuma kwa bao moja au mawili, alidaka, akasimama, akatazama mbele, kisha akautupa kwa mkono, karibu, kwa beki wa kulia. Watu walitaka aupige teke uruke hadi upande wa pili. Kwetu teke refu ndilo lililoonyesha kwamba mtu ana uchungu na timu yake. Mama mmoja muuza karanga alikuwa akisema kwa sauti ya kusikika uwanja mzima kwamba yule kijana anatembeza mpira kama mbuzi ya soko, na watu walicheka, lakini si kicheko kizuri. Tena mshambuliaji wa timu tuliyochukiana nayo alikuwa mtu wa kwao, na Jumapili nyingine alionekana akila nyumbani kwa kipa.

Karani mkuu, mtu wa miwani na baiskeli, ndiye aliyeongoza kamati ya timu. Aliniita pembeni.

"Wewe unauliza-uliza sana, na hapa hauna ndugu," aliniambia. "Angalia ule kipa. Watu wanasema alikula pesa ya wengine."

Nilikubali upesi. Sikuhitaji kusukumwa, kwa maana mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kumshuku. Kipindi cha pili, kabla ya kila mpira, aliinua macho juu ya vichwa vya wachezaji, akatazama miti ya mikaratusi iliyokuwa nyuma ya goli la pili, upande wa ziwa. Kila mara. Nikajiambia kuna mtu pale anampa ishara. Jumapili iliyofuata nilizunguka uwanja, na kweli nikamkuta mwanamume wa kofia nyeupe ameegemea mti. Nilikaa karibu naye kipindi kizima nikichungulia mikono yake. Alikuwa amelala.

Hapo nikaona bora nimwulize mwenyewe. Nilimkuta nyumbani, mtoto mapajani, mke wake akichambua maharagwe kwenye ungo. Nikauliza bila kuzunguka: juu ya nini anatupa karibu wakati tunafungwa na saa zinakwisha?

"Tukifungwa, tunakosa kitu moja tu, mpira," alisema. "Sasa niupate, niutupe tena?"

Akanieleza mengine taratibu, kama mtu aliyekuwa akiyasema peke yake kwa muda mrefu. Kapteni wetu huchagua goli la upande wa kilima kwa kipindi cha pili ili jua liwe mgongoni mwa kipa. Hilo ni zuri. Lakini jioni upepo wa ziwa hupanda, ukamjia kipa usoni. Teke refu likifika juu husimama, kisha hurudi chini kwa vichwa vya mabeki wao wanaongoja. Ndiyo maana alitazama majani ya mikaratusi: yakitulia, alipiga; yakicheza, alitupa kwa mkono.

Maneno mazuri, lakini nilijua kwamba mtu aliyenunuliwa naye anaweza kuwa na maneno mazuri. Nilitaka kitu cha kushika. Nikamwomba mke wake maharagwe machache.

"Kamata, tonton," alisema, akiniita mjomba kwa Kifaransa, "lakini iko mabichi."

Mechi iliyofuata tulikuwa nyuma tangu mwanzo. Kila mpira wa mkono uliomfikia mtu wetu, niliweka haragwe mfuko wa kushoto. Kila teke refu lililomfikia mtu wetu, mfuko wa kulia. Mateke yalikuwepo mengi, kwa sababu makelele yakizidi naye alichoka kuyasikia, akapiga. Mipira iliyopotea niliihesabia haragwe la kutupwa chini. Mwishowe mfuko wa kushoto ulikuwa mzito, wa kulia ulikuwa na mawili. Lakini lazima niseme na hili: mpira mmoja wa mkono ulinyang'anywa karibu kabisa na goli, na tukafungwa.

Niliyapeleka maharagwe yangu mbele ya kamati, nikayamwaga mezani na kueleza, nikiona fahari kama mwalimu. Karani mkuu alisikiliza hadi mwisho. Akasema mpira unaopotea mbali unakupa nafasi ya kurudi nyuma, lakini ule unaopotea karibu ni bao. Kisha akachukua haragwe moja, akaligeuza mbele ya miwani.

"Na haya, ulitoa wapi?"

Sikufikiri. "Kwa bibi ya kipa."

Walicheka wote, na mimi nilikuwa nimekwisha. Mtu aliyetumwa kuchunguza nyumba amekwenda kula ndani yake. Nilisema sikula, yalikuwa mabichi, na wakacheka zaidi. Uamuzi ulitoka hapo hapo: mechi moja. Tukifungwa, apige mbali. Akitupa kwa mkono, Jumatatu aache funguo.

Tulifungwa mapema. Kipindi cha pili nilikuwa nyuma ya wavu wake, na mikaratusi ilikuwa ikiinama. Alitazama miti mara moja, kisha hakuitazama tena. Alipiga. Mpira wa ngozi ulipanda, ukasimama, ukashuka kwa mabeki wao, ukarudi kwetu. Akadaka, akapiga tena, ukarudi tena. Sijaona mtu akifanya kazi kubwa namna ile kujiletea hatari mwenyewe. Tulifungwa manne, na watu wakampigia makofi. Mama wa karanga alisema leo amecheza na roho. Karani mkuu alimshika mkono mbele ya watu.

Kesho yake alinikuta bombani nikiosha ndoo ya chokaa.

"Siku ile ulikuja kwangu, ni karani alikutuma," alisema. Halikuwa swali.

Nilikubali.

"Nilijua tangu mlangoni."

Nilimwuliza juu ya nini basi alinieleza yote. Alisema wengine walikuja kumwambia. Mimi nilikuja kumwuliza. Akatazama huku na huku, akasogea.

"Ile maharagwe ilionyesha nini?"

Nilimwambia, kushoto na kulia, na lile moja lililotufunga. Alifikiri juu ya lile moja kuliko mengine yote. Alisema aliutupa kwenye kisigino cha beki badala ya mbele ya mguu wake, na kwamba ni kosa lake, si kosa la mkono. Uso wake ulikuwa mtulivu kwa mara ya kwanza tangu nimjue.

"Sasa tangulia," alisema. "Wakituona wawili watatafuta sababu ingine."

Nilibeba ndoo yangu, nikapita njia ya juu, yeye akashuka ya chini kwenda kwenye nyumba yake.