Uso Niliokataa

Baba yangu hakuwahi kupigwa picha. Hata kitambulisho hakuchukua. Alisema serikali ikimtaka itamkuta malishoni, na huko huko malishoni ndiko alikofia, upande wa Kaikor, mimi nikiwa bado nanyonya. Nilikua simjui kwa sura. Mama alikuwa akinitazama nikila, kisha anasema, "Masikio hayo si yako, yana mwenyewe," na nilijua mwenyewe ni nani. Sasa nimeota mvi. Ninafundisha Kakuma na kila Ijumaa ninarudi nyumbani Lodwar. Sina mtoto. Mke wangu alingoja, akachoka, akarudi kwao, na simlaumu. Nayasema haya mapema kwa sababu watu wa Lodwar nao huyasema mapema.

Mwaka huu chumba kimoja karibu na soko kilifanywa cha maonyesho ya mifupa ya kale inayookotwa kandokando ya ziwa. Mifupa yenyewe haikai huku. Tuliletewa mfano wa plasta wa fuvu moja, taya pana, paji limelala kuelekea nyuma, na fundi wa sanamu naye akaletwa, mama mmoja kutoka Kisumu, alivike fuvu hilo nyama na ngozi na kulipa mwili ili watu waone mwenyewe alikuwaje. Fundi alipanga nyumba jirani na yangu. Jioni moja alinikuta nikichota maji, akaniambia bila haya kwamba anauhitaji uso wangu.

"Fuvu linaniambia habari za taya na paji, mwalimu," alisema. "Masikio halinielezi. Midomo halinielezi. Wala namna mtu anavyotazama."

Ningeweza kukataa, ila kwa kweli nilifurahi. Tangu mke wangu aondoke, hakuna aliyekuwa amenitazama kwa muda mrefu namna ile. Wikendi baada ya wikendi nilikaa kwenye kiti cha plastiki, yeye akinipima na kukanda udongo; siku moja alinipaka plasta usoni akatoa kalibu, umbo tupu la uso wangu. Nilimuuliza kama huyu ni babu yetu. Akasema hapana, huyu ni kama ndugu wa babu. Waliishi hapa hapa na babu zetu, wakanywa maji ya mito ile ile, lakini ukoo wao ulikatika. Hawakuacha mtu. Nikamuuliza habari za Kisumu.

Siku ya ufunguzi nilivaa koti. Mtu anayevaa koti kwenye jua la Lodwar anatarajia kuheshimiwa, na mimi nilitarajia hivyo. Kitambaa kikavutwa. Akatokea jamaa mfupi, manyoya mwili mzima, mdomo wazi kidogo, amekodoa jicho la pembeni kama mimi ninapohisi mwanafunzi ananidanganya. Kisha mama mmoja wa kanisani kwetu akapaza sauti, "Ngai! Si huyu ni mwalimu!"

Walicheka wote. Nilicheka pia, ungefanya nini? Lakini msomaji wa maelezo alipofika pale pa kwamba watu hawa waliisha bila kuacha kizazi, mwanamume mmoja nyuma yangu alisema, "Basi hapo wamepata mtu mwenyewe." Aibu ilinipanda mpaka masikioni, masikio yale yale ambayo sasa yalikuwa mawili kwenye sanamu na mawili kichwani kwangu.

Jumatatu Kakuma wanafunzi walikuwa wameshapata habari. "Mwalimu, kwani siku hizi wewe ni model?" Katika chumba cha walimu, mwenzangu Mkongomani alinipa pole kwa moyo safi: "Ndugu yako ule, picha yake niliona, ni muzuri sana." Mwingine akauliza kama huyo ndugu naye hakubahatika kupata mtoto. Kuitwa nyani ningevumilia. Wanafunzi huwaita walimu majina mabaya zaidi. Hili la kuwa wa mwisho ndilo lililonishinda.

Jumamosi iliyofuata nilimwendea fundi pale kwenye maonyesho. Alinikumbusha kwa upole kwamba nilikubali. Nilimpigia kelele. Nilimwambia autoe uso wangu, na kalibu lake alivunje, asije akanitengeneza tena mahali pengine. Mlinzi wa mlangoni, msichana wa hapa hapa mjini, alisikia kila neno. Fundi alinitazama kidogo, akasema sawa, mwalimu. Nilirudi Kakuma nikijiona mwanamume.

Wiki hiyo hiyo mama yangu alikuja Lodwar kutoka Kerio na mzigo wake wa samaki wakavu. Majirani zangu, kwa hisani yao, walimpeleka Jumanne kumwonyesha mwanawe aliyegeuzwa kichekesho. Nilipofika nyumbani Ijumaa nilimkuta ameketi mlangoni, na kabla sijaweka mkoba chini aliniambia, "Nimemwona baba yako."

Sikuelewa mara moja.

"Wamempa taya za punda," alisema. "Na meno ya chini hawakuyang'oa. Mturkana gani wa umri ule ana meno yote ya chini? Lakini ni yeye. Alinitazama vile vile, kama nimemficha kitu."

"Mama, ile ni plasta tu."

"Najua ni plasta, mimi si mjinga. Ni plasta yenye uso wake." Akajifuta pua kwa ncha ya shuka. "Nilimsalimu, ejok. Wale majirani zako wakacheka, shauri yao. Ila nilienda mikono mitupu, na baba yako alikuwa mtu wa tumbaku. Kesho utanirudisha kwake."

Nilitoka nje nikampigia fundi simu nyuma ya tangi la maji.

"Nilimaliza jana, mwalimu," alisema. "Masikio, midomo, macho, vyote nimebadilisha. Hakuna atakayekusumbua tena."

"Na ule udongo?"

"Niliurudisha kwenye ndoo."

"Na kalibu?"

"Si uliniambia nilivunje?"

Ningeweza kumwambia mama ukweli jioni ile ile. Nilikaa naye, tukala, akanisimulia baba alivyokuwa akikataa kunyolewa na mtu mwingine isipokuwa yeye, habari ambayo hakuwahi kunipa maishani. Nikaitikia kwa kichwa tu, kama mgeni. Nilikuwa mwoga, na sina neno lingine la kuliweka hapo.

Asubuhi mlinzi alimsalimu mama kwa furaha. Mama alimpita akaenda moja kwa moja mbele ya sanamu, ameshika fundo la kitambaa lenye tumbaku. Taya zilikuwa zile zile na manyoya yale yale. Uso ulikuwa mzuri, umetengenezwa kwa ustadi, na haukuwa wa mtu yeyote. Mama akasogea upande wa kulia, akasogea wa kushoto. Kisha akamgeukia mlinzi akamuuliza kwa Kiswahili chake, "Ile mzee ingine iko wapi?"

"Si mwalimu alisema itolewe?" msichana akajibu. Hakuwa na ubaya wowote. "Alikuja hapa akapiga kelele, mama. Alisema hiyo sura inamwaibisha."

Niliangalia sakafu. Nilitaka kumweleza mama kicheko cha siku ile, na chumba cha walimu, na yule mtu nyuma yangu. Kilichonitoka ni, "Sikujua, mama." Nikangoja anitukane, maana kutukana anakujua vizuri, na siku hiyo ningeyapokea matusi kama dawa.

Hakunitukana. Alinishika kidevu akanigeuza uso kuelekea mlangoni, kwenye mwanga. Akatazama masikio. Akatazama midomo. Alikawia sana kwenye macho, na nilijua si mimi aliyekuwa akimtazama. Nilijua anamtafuta nani, na kwamba baada yangu hakuna pengine pa kumtafutia.

Akafungua fundo la kitambaa. "Shika," alisema.

Mimi situmii tumbaku. Niliipokea kwa mikono miwili.