Mshale Uliopinda wa Kwenda Makaburini

Niliishia darasa la nne, na leo nina duka langu la kuchapa hapa Minneapolis. Nilidhani hakuna kitu cha kunishangaza tena.

Mzee Simoni alipofariki, mjane wake aliniomba nichape ramani ya kwenda makaburini Oakdale. Kila penye kukata kushoto niliweka mshale wa kompyuta. Mishale ya kawaida niliiona ya kishamba, nikachagua uliopinda mpaka kichwa kikaangalia chini ulikotokea. Msiba mzima nikajisifu.

Siku ya mazishi tulifuata gari la maiti. Kaka wa marehemu, aliyetoka Moshi ili atupe udongo wa kwanza, alikuja moja kwa moja toka uwanja wa ndege na kijana aliyetumwa kumpokea akiwa na ramani yangu. Tulimngoja kwenye theluji. Wachimbaji wakatuongezea saa moja, ikaisha, wakafukia.

Alifika kaburi limeshakuwa tuta.

“Shemeji, karatasi ilisema tugeuze gari turudi. Kila kona tumegeuza. Nani kachora hii?”

“Huyo hapo,” mjane akasema, bila kuniangalia.

Ile saa ya wachimbaji nililipa mimi: dola mia moja themanini na tano.