Damu Mlangoni kwa Mchungaji Gwantwa

Wageni wa Tunduma wakisikia jina la Mama Mchungaji huuliza mumewe yuko wapi. Hana mume. Mchungaji ni yeye mwenyewe, Gwantwa, mzaliwa wa vilima vya Ileje, muuguzi kabla hajavaa kola na muuguzi mpaka leo. Kanisa lake liko kando ya barabara ambako malori hupanga foleni ya kuvuka kwenda Zambia, na ubavuni mwa kanisa kuna zahanati ya vyumba viwili. Akitoka madhabahuni anashika sindano. Anashona madereva waliopigana, wapakiaji walioangukiwa na mizigo, wasichana wa nyumba za wageni waliopasuliwa midomo. Wasichana hao huwafuata hukohuko gesti na begi lake la dawa. Wazee wa kanisa walinung'unika mpaka wakachoka.

Jumamosi moja mchana, wakulima wa kijiji cha Ihanda walimleta Raphaeli nyuma ya pikapu, amelala juu ya magunia ya mahindi yaliyolowa damu. Raphaeli alikuwa dereva wa bodaboda, na mama yake, Tumpe, alikuwa mzee wa kanisa na rafiki wa Gwantwa wa miaka mingi. Abiria alimkodi, akamchoma kisu tumboni njiani, akaondoka na pikipiki.

Gwantwa aliingiza mkono katika lile jeraha kutafuta panapovuja. Diana, muuguzi kijana anayemsaidia, alipiga simu kuomba gari la wagonjwa. Likachelewa. Tumpe alifika akiwa peku, akapiga magoti akaishika miguu ya mwanawe.

Kabla gari halijafika, zikasikika honi. Madereva wa bodaboda walikuwa wamemkamata mtu akisukuma pikipiki ya Raphaeli kwenye njia ya panya, karibu kabisa na Nakonde, upande wa Zambia. Wakamburuta hadi zahanati kwa kamba shingoni. Sikio lake moja lilikuwa linaning'inia.

"Raphaeli aseme tu," alisema Jonasi, mwenyekiti wao. "Kama siye, tunamwachia."

Wakamsukuma mpaka kitandani. Raphaeli alifumbua macho, akamtazama.

"Ndiye," alisema. "Kaniambia anaitwa Brayan."

Wakamtoa nje wakipiga mayowe. Tairi likatoka sijui wapi, na dumu la petroli. Gwantwa aliona kupitia dirisha. Akamwambia Diana, "Bana hapa, usiachie," akatoka na mikono yake myekundu hadi viwikoni.

Baadaye alisema hakuwa na upendo wowote moyoni. Alimchukia yule mtu. Damu ya Raphaeli ilikuwa bado vidoleni mwake. Lakini alipita katikati ya watu, akalitupa tairi pembeni, akamlalia Brayan kifudifudi pale kwenye mavumbi. Petroli waliyommwagia ikamlowesha na yeye.

Jonasi alikuwa ameshika kiberiti. "Mchungaji, nakuomba. Pisha."

"Washa, Jonasi. Ila ujue unachoma wawili."

Jonasi akakirudisha kiberiti mfukoni, wenzake wakamtukana. Waliokuwa nyuma hawakusikia lolote wala hawakuona. Wao walipiga tu. Fimbo na vyuma vilimshukia Gwantwa mgongoni. Mkono wake wa kushoto ulivunjika, akausikia mfupa ukilia kama ukuni mkavu. Chini yake Brayan alikuwa anauma mchanga na kuita mama.

Ndipo Tumpe akatoka ndani na kipande cha tofali.

Siku zote alimwita Mchungaji. Siku hiyo alimwita kwa jina. "Gwantwa! Toka juu ya huyo shetani! Mwanangu anakufa humo ndani!"

"Mama Raphaeli, rudi ukakae naye."

Tumpe akalishusha tofali usoni pake. Jicho la kulia likapasuka. Gwantwa alipiga kelele, lakini hakuinuka. Polisi walipofika wakafyatua risasi hewani, watu wakatawanyika, na Tumpe akabaki amesimama palepale, tofali mkononi.

Walimwingiza Brayan katika chumba kilekile. Diana, mkono mmoja ungali juu ya jeraha la Raphaeli, akakataa. "Simgusi huyu, Mchungaji. Anisamehe Mungu."

Gwantwa hakubishana naye. Huku kitambaa kimefungwa jichoni na mkono ukining'inia, alianza kumfunga Brayan sikio kwa mkono mmoja na meno. Plasta ilimponyoka mara kwa mara. Diana akalia, kisha akaichukua kwa mkono wa pili.

Gari la wagonjwa lilipofika, Raphaeli alikuwa ameshakata roho.

Walimzika Ihanda, kando ya mibuni ya babu yake. Tumpe alikataa Gwantwa aendeshe ibada, kwa hiyo Gwantwa alisimama nyuma kabisa, bendeji usoni, na hakuna aliyempa mkono. Nusu ya waumini waliacha kuja kanisani. "Kaokoa muuaji," walisema sokoni. Naye alikuwa na hasira. Kwa muda mrefu, kila alipoongoza Sala ya Bwana, alinyamaza kwenye maneno ya kuwasamehe waliotukosea, akawaacha wengine wayaseme.

Kesi iliposikilizwa, aliitwa kama shahidi. Alieleza alichokisikia Raphaeli akisema kitandani, neno kwa neno. Brayan akaruka kizimbani. "Uliniokoa ili unifunge?"

"Nilikuokoa uishi," alijibu. "Sikukuokoa nidanganye."

Brayan akafungwa. Gwantwa humpelekea sabuni gerezani, na mara nyingine Brayan hukataa kutoka kumwona.

Polisi walitaka kumshitaki Tumpe pia. Gwantwa aliwaambia vumbi lilikuwa jingi, hakumwona aliyempiga. Hilo alilisema bila kiapo, na bado linamsumbua.

Msimu wa mvua ulipoanza, Tumpe alitokea kwenye foleni ya zahanati, amekonda, akilalamika kichwa. Zamu yake ilipofika akakaa bila kumtazama.

"Sijakusamehe," alisema.

"Sijakuuliza hilo, dada. Nyoosha mkono."

Tumpe akaunyoosha. Gwantwa akageuza kichwa ili amwone kwa jicho zima, akamfunga kitambaa cha kipimo cha presha, akaanza kujaza hewa.