Maîtresse Zaina na Simu Iliyosema Très Bien

Maîtresse Zaina Abdulhamid hakupendwa na mtu mtaani kwetu Mangobo, na yeye hakuomba kupendwa. Nyumba yao ni ya wale Waislamu wa zamani ambao babu zao walifika Kisangani na misafara ya biashara. Misafara iliisha, kiburi cha nyumba ile hakikuisha. Mtandio wake ulipigwa pasi hata juma ambalo umeme wa bwawa la Tshopo haukuonekana, na ukimsalimia njiani alikutazama viatu kwanza, uso baadaye.

Alifundisha darasa la sita, la watoto wanaokwenda kwenye mtihani wa serikali. Alifundisha kama wote wanavyofundisha kwetu, ila yeye alizidi. Anaanza sentensi, anaikata kabla ya mwisho, anainua mkono, anangoja. Darasa zima linamalizia kwa sauti moja. Yeye anasema, "Très bien," na kuendelea. Jibu lenyewe halitoki kinywani mwake hata siku moja, jibu ni kazi ya darasa. Wakikosea anasikia, na rula inapita kwenye vidole. Kuinua mkono useme hujaelewa, hilo halikuwako. Ni kumwambia maîtresse hajui kazi yake, na mtoto wa namna hiyo alipigwa shuleni, akapigwa tena nyumbani. Sisi wazazi tulipenda hivyo. Ukipita barabarani ukasikia darasa linalia pamoja kama mvua juu ya bati, moyo ulitulia: watoto wanasoma. Darasa lililonyamaza lilikuwa la mwalimu mvivu.

Halafu vita. Kivu ilikuwa imekwisha kuliwa na waasi, malori ya askari yalipita asubuhi kwenda kambini Kapalata, na ng'ambo ya mto, Lubunga, watu wakaanza kuchomeana nyumba. Waliokimbia wakavuka kwa mitumbwi, wakawekwa katika madarasa yetu, wakapikia madawati. Sikuwalaumu, hata mimi ningepikia. Lakini mtihani wa serikali haukukimbia pamoja nao, ulibaki pale pale ukitungoja.

Mwenye shule, Papa Paluku, ni mtu wa Butembo anayeuza saruji na shule kwa ulimi mmoja. Akatuletea masomo ya simu kutoka Kinshasa. Ndani ya simu mlikuwa na kijana wa tai, anatabasamu, anasema: wewe unafikiri nini? Simamisha kidogo, jaribu mwenyewe, ukikosea hakuna ubaya.

Tuliangalia uani, katika lupango la Mama Kavugho, mwuza unga wa jumla, kwa sababu yeye ana jenereta na ana simu kubwa. Hakumaliza hata somo la kwanza.

"Mwalimu gani huyu anauliza mutoto?" alisema. "Mutoto angekuwa anajua, angeenda masomo kufanya nini? Na iko anacheka. Anacheka na nani?"

"Mama, ni méthode ya sasa," alisema Papa Paluku.

"Méthode uirudishe Kinshasa. Sisi tunataka Maîtresse."

Kijana wa tai akakauka kama mboga ya pondu ya juzi. Papa Paluku akaenda kwa Zaina, hakuketi hata: "Bon. Utaingia ndani ya simu, au darasa la sita nitampa mwingine." Zaina bila darasa la sita alikuwa nani? Mjane mwenye pasi. Akaingia ndani ya simu, akarekodiwa sauti tu.

Alifundisha mle kama alivyofundisha ubaoni. Sentensi, anakata, kimya, halafu "Très bien, pigeni makofi." Na jambo hilo likashika kama moto wa kiangazi. Simu iliwekwa juu ya kiti chenye kitambaa. Watoto walikuja na uniforme, bluu na nyeupe, wamepakwa mafuta hadi magoti. Sauti ikisema "Bonjour les élèves" wote wanasimama, na hakuna aliyethubutu kukaa kabla simu haijasema "Asseyez-vous," simu isiyo na macho. Kelele ilirudi mitaani. Mangobo, Kabondo, hadi commune ya Tshopo, watu wakatumiana sauti ya Zaina kutoka simu hadi simu, hata nyumba zisizo na mtoto wa sita. Papa Paluku alitembea kama vile simu aliivumbua yeye.

Ndiyo maana nasema, simu haikutufundisha kitu. Ilitukuta kama tulivyo, ikavaa nguo zetu.

Mama Kavugho ana binti, Kyakimwa, mwenye sauti ya kuita kivuko. Simu ni ya mama yake, lupango ni la mama yake, kwa hiyo Kyakimwa ndiye aliyeanzisha kila jibu na wengine wakamfuata. Siku moja Mama Kavugho akataka kuweka carreaux, vigae vya sakafu, katika chumba cha depo ya unga. Akamwambia binti apime, majirani waone masomo yanafanya kazi. Kyakimwa akapima mbele yetu, akasema: metre carré, mita za mraba, tisa. Zikanunuliwa carreaux za metre tisa. Sébastien, fundi, akaanza kuzipanga mlangoni, na hakufika hata katikati ya chumba, zikaisha.

"Mama, urefu ni tano, upana ni nne, ni metre ishirini," alisema Sébastien, akijizuia kucheka. "Huyu mutoto ameongeza."

"Ndiyo, nimeongeza," alisema Kyakimwa. "Maîtresse alisema très bien. Ulizeni batoto bote."

Mama Kavugho alimshika binti mkono, na lupango lote likafuata nyuma. Zaina alikuwa barazani kwake anachambua pondu.

"Maîtresse, mutoto wangu umemufundisha nini?"

"Kupata surface, eneo. Kuzidisha."

"Iko anaongeza."

"Basi ni masikio yake. Weka hiyo simu, tusikie."

Simu ikawekwa. Sauti ya Zaina ikatoka, kali, safi: "Kupata surface ya shamba, tunachukua urefu, halafu tuna...?" Ikanyamaza, inangoja. Na watoto waliosimama pale, bila mtu kuwaambia, kwa mazoea tu, wakapiga kelele: "Tunaongeza na upana!"

"Très bien," ilisema simu. "Pigeni makofi."

Wakapiga makofi. Zaina mwenyewe ameketi mbele yao na jani la pondu mkononi.

"Nani aliwafundisha kuongeza?" aliuliza polepole.

"Wewe," alisema Mama Kavugho. "Tena umewapigia makofi."

Halafu mzazi mmoja akauliza swali ambalo wote tuliliogopa: ni masomo mangapi yamepita hivi? Hakuna aliyejua. Mtihani ulikuwa karibu. Papa Paluku, harufu ya ugomvi humleta kama nzi, akashuka kwenye pikipiki na kusema kwamba donc, Maîtresse apumzike, kijana wa tai atarudi.

"Nipe hadi Jumatatu," alisema Zaina. Akawageukia watoto. "Kila mutu atanitumia sauti yake. Peke yake. Aseme kitu gani hajaelewa."

Jumamosi simu yake ilinyamaza. Watoto waliokuwa wakitikisa bati za Mangobo, mmoja mmoja hawakuweza hata kukohoa. Zilizofika zilikuwa sauti za akina mama: "Maîtresse, wangu iko sawa kabisa." Uongo mtupu, nami nilituma wangu.

Jumapili ikafika sauti moja ya mtoto. "Maîtresse, hii ya shamba sijaelewa. Tangu mwanzo sijaelewa. Nilikuwa napiga kelele sababu simu ni yetu."

Mama Kavugho alimsikia kupitia dirisha. Akavua babouche, ndala yake. Haya ya carreaux aliweza kuyameza, lakini binti yake kumwambia maîtresse "sijaelewa", hiyo ilikuwa aibu ya ukoo. Alikuwa bado anamfukuza kuzunguka magunia ya unga Zaina alipoingia na mtandio wake uliopigwa pasi.

"Mama Kavugho, weka babouche chini. Katika hawa wote, huyu peke yake nimemusikia."

"Amekukosea heshima."

"Amenikosea. Wengine wamenidanganya."

Msifikiri aligeuka malaika. Alimwita Kyakimwa kichwa cha jiwe, akamvuta hadi depo, akampigisha magoti mbele ya carreaux za Sébastien: hesabu mstari mmoja, sasa mistari iko ngapi, sasa sema mwenyewe. Mtoto akasema mwenyewe, peke yake. Wengine walichungulia mlangoni, na hadi jioni walikuwa wamesimama mstari, kila mmoja na "sijaelewa" yake, na kila mmoja akapokea tusi lake na somo lake. Jumatatu Papa Paluku alikuta mstari ule ule. Akageuza pikipiki yake, kijana wa tai hakutajwa tena.

Zaina akarekodi masomo upya. Anakata sentensi, anangoja, halafu jibu analisema yeye. Wazazi wakanung'unika. "Sasa anatoa majibu bure," walisema, "na makofi yako wapi?" Lakini watoto wengi walishinda mtihani, wakamwagiwa poda kichwani kama desturi, Kyakimwa mweupe kama gunia la mama yake. Darasa la sita likabaki la Zaina.

Zile sauti za kwanza, lakini, hakuna aliyezifuta. Zilikuwa na makofi. Zikaendelea kutembea.

Mwaka uliofuata tulikuwa njiani mimi na yeye, kwenda kwa dada yake Nasra upande wa Kapalata. Tukapita mahema ya waliokimbia. Kwenye hema moja simu ilikuwa juu ya bidon ya maji, watoto wamesimama mbele yake, na sauti ya Zaina inauliza kuhusu shamba.

"Tunaongeza na upana!"

"Très bien," ilisema simu.

"Hapana," alisema Zaina.

Watoto wakageuka wakamtazama, halafu wakaitazama simu. Msichana mmoja mdogo akaweka kidole mdomoni.

"Mama, usipige kelele," alisema. "Tuko na Maîtresse."