Nilimshtaki Mdogo Wangu kwa Bima Kwamba Anajifanya Mgonjwa

Mimi ndiye niliyemchoma. Si jirani, si adui aliyemwacha ughaibuni, si mtu wa kanisani mwenye kijicho. Ni mimi, dada yake wa tumbo moja, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari, mama wa watoto wawili, mkazi wa Kijenge. Jina langu halitawasaidia kitu. Mkimwona mwanamke anatembea kifua mbele huku ndani kaoza, huenda ndiye mimi.

Mdogo wangu nitamwita Eli. Alienda Kanada akiwa kijana, akafanya kazi ya kuezeka mapaa karibu miaka kumi. Siku moja akateleza, akaanguka kichwa kikitangulia. Hakufa. Alitoka hospitali kwa miguu yake, anaongea, anacheka, na ukimtazama huoni hata kovu la maana. Lakini ubongo uliumia. Kelele zinamtesa. Mwanga mkali unamtapisha. Akisoma mistari mitatu, herufi zinaanza kuruka na kichwa kinataka kupasuka. Na mara moja moja anaanguka kifafa.

Kazini kwake walikuwa na bima ya ulemavu wa muda mrefu. Ikaanza kumlipa kila mwezi kwa sababu hawezi tena kazi. Alipoona kile chumba cha peke yake kinammaliza, akawaomba arudi nyumbani, na wakakubali kwa maandishi. Mkataba uliruhusu aishi nje ya nchi yao, ila apimwe na daktari bingwa kila mwaka, ajaze fomu ya kueleza hali yake, na asifiche anapoishi.

Hakuficha kitu! Nalijua hilo kuliko mtu yeyote, maana zile fomu nilizijaza mimi. Yeye anakaa kwenye kiti amefumba macho, mimi namsomea swali, anajibu, naandika. Miaka minne tulifanya hivyo.

Alijenga vyumba viwili kule juu Makumira, kwenye shamba letu la migomba, hatua chache kutoka kwa Mama. Akanunua ng'ombe wawili wa maziwa. Asubuhi anawakatia majani na kuwasemesha kama watu. Ikifika saa nne, jua likikaza, anaingia ndani, anafunga mapazia. Siku yake imeisha.

Na mimi nilimdharau, jamani! Nilimdharau kweli kweli.

Nikimwona na miwani yake ya jua na pamba masikioni, naguna. Mlemavu gani huyu ana mashavu hivi? Shuleni nilimpachika jina. "Mstaafu wetu kaamkaje leo?" walimu wenzangu wananiuliza, nami nawajibu, "Kalala, si unajua ana ulemavu wa Kizungu." Tunacheka mpaka kengele inalia. Nilikuwa nasema hapa kwetu mtu akiumia kichwa anakunywa Panadol mbili anarudi shambani. Eti! Maneno hayo yalitoka kwenye kinywa hiki kinachofundisha watoto wa watu.

Lililonichoma zaidi lilikuwa la Mama. Miaka yote Eli akiwa Kanada, mimi ndiye niliyempeleka Mama kliniki, niliyesimamia kahawa ichumwe, niliyelala naye alipougua mapafu. Eli karudi, kakaa, na kila Jumapili nje ya kanisa ni "mwanangu kafanya hiki, mwanangu kafanya kile". Mwanangu! Kana kwamba mimi niliokotwa mtoni.

Basi ikafika kipaimara cha binti yangu. Nilipamba uwanja wangu hapa Kijenge, nikapika kuanzia alfajiri. Wakati wa shukrani Mama akasimama na kumshukuru Eli kwa ndafu aliyochangia. Mimi hakunitaja. Hata kwa bahati mbaya.

Muziki ulipopigwa, binti yangu akamvuta mjomba wake mkono. "Mjomba, moja tu! Moja tu!" Eli akacheka, akasogeza pamba zake masikioni, akaingia. Alicheza wimbo mmoja na nusu. Kisha akaona mtu anahangaika na kreti la soda, akalibeba kulipeleka kivulini. Watu wakampigia vigelegele.

Na mimi nilikuwa nimeshika simu. Nilirekodi yote, kucheza na kreti.

Sasa sikieni kilichofuata, maana hicho sikukirekodi. Eli hakuweza hata kurudi kwake. Alilala kwenye chumba cha binti yangu siku tatu, dirisha limezibwa kwa blanketi, anatapika mpaka nyongo, analia kichwa kama mtoto. Ndoo nilibeba mimi. Nilimwaga, nikasuuza, nikarudisha. Niliona kwa macho yangu zile dakika chache za furaha zilivyomgharimu.

Siku ya nne alipoondoka, nikafungua kompyuta. Tovuti ya ile bima ina sehemu ya kutoa taarifa bila jina. Nikaandika kwamba mteja wao anayeishi Tanzania anawadanganya, ni mzima, anacheza muziki, anabeba mizigo, anafuga ng'ombe. Nikaambatanisha video. Nikaisoma barua mara mbili kurekebisha sarufi. Nilijivunia Kiingereza changu, mnaona upumbavu huo? Mtu anamchinja mdogo wake huku akikagua alama za mkato!

Baada ya wiki kadhaa Eli akaja na barua aliyoichapisha mjini. "Shikamoo dada. Wamenitumia kitu, hebu nisomee."

Nikamsomea. Malipo yamesimamishwa mpaka uchunguzi ukamilike. Akaniuliza, "Kwani nimekosea wapi kwenye fomu?"

"Pole, Eli," nilimwambia. "Wazungu hawana utu."

Nilisema hivyo! Na uso wa huruma niliuvaa, nikampikia na chai.

Nilidhani atabanwa kidogo, ataamka, atatafuta kazi kama sisi wengine. Akajaribu kweli. Akaenda kulinda geti la nyumba moja huko Themi. Siku ya pili tu jenereta la jirani likawashwa, wakamkuta amejikunja chini ya meza ya kibandani kashika masikio. Wakamwambia asirudi. Nilipozisikia habari hizo, nilisema moyoni, "Maigizo."

Akauza ng'ombe mmoja, halafu wa pili. Dawa zake za kifafa zilikuwa za kuagiza. Daktari wake akamwandikia za bei nafuu, akamwonya asiruke hata dozi moja. Eli hakuruka. Alikuwa anakata kidonge katikati ili dawa zifike mwisho wa mwezi. Hatukujua. Mama aligundua baadaye, alipoona kisu kidogo na unga mweupe kwenye sahani.

Mwezi wa saba wa uchunguzi, kifafa kilimkuta peke yake kwenye zizi tupu. Aliangukia ukingo wa saruji wa hori. Mama alimkuta asubuhi, damu imeganda, nzi wameshatua.

Alilala hospitali wiki tano. Ningeweza kuwaandikia bima dakika ile ile kwamba nilidanganya. Dakika tano tu zingetosha. Sikuandika! Niliogopa jina langu lisije likajulikana. Nilikaa pembeni ya kitanda chake namlisha uji, watu wanakuja kumwona wananisifia, "Kweli huyu ni dada." Nami naitikia asante.

Madaktari wa bima walimaliza kazi yao, wakaona hana kosa. Wakarudisha malipo, hata ya nyuma. Kule Kanada alikuwa na wakili, na wakili akaomba nakala ya faili lote. Likaja. Eli akanipigia nipande Makumira.

Nilimkuta ndani, mapazia yamefungwa. Sasa anaongea polepole, mkono wa kushoto unatetemeka. Akanisukumia karatasi. "Wakili anasema barua iliyoanzisha mambo iko humu. Nisomee, dada."

Niliijua kabla hata sijaishika vizuri.

"Eli, hizi ni lugha za kisheria tu, hazina maana."

"Soma."

Nikasoma. Sauti yangu ilikuwa inakwama kwenye sentensi nilizozitunga mwenyewe. Nikafika mahali nilipoandika kwamba wasiamini fomu zake za kila mwaka, kwa sababu hazijazi mwenyewe, anajaziwa na mtu.

Akanyanyua mkono. Nikanyamaza.

"Anayejua kwamba najaziwa ni nani, dada?"

Nikaiweka karatasi chini. 

Hakupiga kelele, maana kelele hawezi, hata zake mwenyewe.  Akauliza swali moja tu.

"Zile siku tatu mbona hukuziandika? Si ulikuwepo?"

Nikatoka. Eli hakumwambia mtu. Nilimwambia Mama mwenyewe, Jumapili iliyofuata, nimepiga magoti jikoni kwake. Alikuwa anachambua maharage. Hakuinua kichwa.

"Nilizaa wawili," akasema. "Mmoja aliumia kichwa, na dunia nzima inajua. Wewe ulipoumia sijui ni wapi. Inuka, unanizibia mwanga."

Huu ni mwaka wa pili sasa. Nikienda, Mama ananikaribisha kama mgeni, chai kwenye kikombe cha wageni, na anauliza habari za shule. Binti yangu aliacha kunionyesha simu yake. Alisikia kwa bibi yake kwamba video ya sherehe yake ndiyo iliyotumika, akaniambia tu, "Mama, ile ilikuwa siku yangu."

Eli bado ananiamkia shikamoo. Naitikia marahaba, na kila mara natamani anitukane.

Fomu zake sasa anasomewa na binti wa jirani. Nasikia mwaka huu kulikuwa na swali kama hali imebadilika. Imebadilika! Hawezi tena kukamua wala kukata majani, kijiko kinamshinda mkononi. Leo hata mpita njia akimwona anajua huyu ni mlemavu. Yale niliyodai hayapo, sasa yapo, na yaliletwa na mimi.

Wewe unayesoma hapa unanidharau. Sawa, una haki. Lakini najua na wewe yupo wako. Yupo ndugu, shemeji, au jirani anayelipwa akiwa nyumbani, ukimwona sokoni ana nguvu unasema, "Huyu naye!" Umemwona sokoni robo saa. Hukumwona aliporudi akafunga mlango.

Kama umeshaanza kuandika, futa. Nenda ukakae naye, si kwenye sherehe, kaa naye kesho yake. Ukishamwaga ndoo yake, uje uniambie bado unataka kuituma hiyo barua. Mimi niliimwaga, na bado nikaituma. Usifike huko nilikofika mimi.